Natumia saa nane, naandika tano

Shikamoo Mama,

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Morogoro. Nilikuwa mwalimu wa lugha katika sekondari moja binafsi hadi mwaka 2020, shule ilipopunguza walimu kipindi cha korona. Tangu mwaka 2021 kazi yangu ni kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili: karatasi za maelezo ya dawa, fomu za ridhaa za watafiti, vipeperushi vya lishe, maelekezo ya mbegu na viuatilifu. Sina ofisi. Ofisi ni meza ya chakula, na muda wangu mzuri ni saa tatu usiku, watoto wakishalala, hadi kwenye saa saba.

Mteja wangu mkubwa ni kampuni ya tafsiri ya Uholanzi. Robo tatu ya pato langu inatoka kwao. Tulipoanza, mratibu wao, mama mmoja wa makamo, aliniandikia swali la mstari mmoja: kwa saa unatoza kiasi gani? Sikuwahi kufikiria kwamba saa yangu ina bei. Nilikuwa nanyonyesha. Kwa mkono mmoja nikafungua kikokotoo cha simu, nikagawanya mshahara wangu wa ualimu, shilingi 600,000, kwa saa za kazi za mwezi mzima, nikapata kama 3,400. Hata dola mbili haifiki. Nikaona nikisema dola tano nitaonekana mroho. Nikafumba macho nikaandika saba.

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: sawa kabisa, karibu. Mama, zile dakika mbili sijazisahau hadi leo. Mtu akikubali upesi namna ile ujue umemuuzia kuku kwa bei ya yai.

Huu ni mwaka wa tano na bei ni ileile. Wateja wengine wadogo niliowapata baadaye nao niliwapa saba, maana ndiyo namba niliyoizoea kinywani. Kwa mwezi, nikijumlisha wote, naandika wastani wa saa 90 kwenye ankara, yaani dola 630, na benki zikishakata zao inapungua. Siwezi kusema tuna njaa. Mume wangu ni fundi umeme, naye analeta chake.

Kilichonikosesha usingizi ni kijana mmoja niliyemwingiza mimi mwenyewe kwenye kazi hii. Alikuja nyumbani nikamfundisha hata namna ya kuandika ankara. Mwezi uliopita tulikaa meza moja kwenye sherehe ya kipaimara, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba yeye anatoza dola 19. Nilicheka na wengine. Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye gari la mume wangu hadi taa za ndani zikazimwa.

Ningeweza kuandika barua ya kupandisha bei usiku uleule, lakini yule mama wa Uholanzi ana fadhila kwangu. Mwaka 2023 mama yangu mzazi alilazwa, nikamwandikia kwamba kazi itachelewa. Alinilipa ankara ambayo haikuwa imefikisha hata siku kumi, na mkataba wao ni siku 45. Hakuuliza kitu. Fedha ile ndiyo iliyomtoa mama hospitalini. Leo nimgeukie nimwambie saba haitoshi?

Halafu kuna hili la mashine. Tangu mwaka jana kazi nyingi zinakuja zikiwa zimeshatafsiriwa na akili mnemba, mimi natakiwa "kusahihisha", na wanategemea nusu ya muda. Ikiwa nzuri, namaliza haraka na kulipwa kidogo. Ikiwa mbovu, natumia muda mrefu kuliko kama ningeanza mwenyewe, na naona aibu kuandika muda wote huo, kwa hiyo nikitumia saa nane naandika tano. Juzi, kwenye karatasi ya vidonge vya uzazi wa mpango, nilikaa karibu saa mbili nikichagua kati ya "madhara" na "maudhi madogo madogo". Saa mbili kwa neno moja! Nani wa kulipia hiyo?

Mume wangu anasema nitulie. Anasema Kiswahili kinasemwa na mamilioni, nikijifanya ghali watachukua mwingine kesho asubuhi. Nipandishe au niache? Nikipandisha nifike ngapi? Na yule mama nimwambieje?

Mama Wawili, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Maswali yako matatu niliyapigia mstari. Kisha nikapigia mstari sentensi moja ambayo wewe uliipitisha haraka, kama mtu anayekatiza sebuleni kwenye wageni akiwa na beseni la nguo chafu. Nitaifikia.

Nianze na zile dakika mbili, maana naona umezibeba miaka yote hii kama hati ya kosa. Unaziona ushahidi kwamba ulijipunja. Inawezekana. Lakini mtu hujibu upesi kwa sababu nyingi. Labda saba ilikuwa chini ya alichotengewa. Labda mtafsiri mwingine alikuwa amemkimbia na kazi ilitakiwa Ijumaa. Labda ndivyo alivyo. Huyu si ndiye yuleyule aliyelipa ankara yako mapema bila maswali? Kilichokuwa kichwani mwake siku ile hatutakijua. Hesabu uliyoifanya wewe kabla ya kutuma ndiyo tunayoweza kuitazama, kwa kuwa iko mbele yetu.

Uligawanya mshahara kwa saa. Mwanangu, mshahara haukuwa unatembea peke yake. Nyuma yake kulikuwa na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na siku 84 za uzazi, kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004. Kulikuwa na mchango wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, ambao mwajiri hubeba angalau nusu yake. Chaki hukununua wewe. Umeme wa ofisi ya walimu hukununua wewe. Hata kile kikao cha walimu cha saa mbili kuhusu sare za wanafunzi, ulichokaa unasinzia, ulilipwa. Ulipoondoka shuleni ulichukua ile namba ya mshahara, na hivyo vingine vyote vikabaki kule. Na ulipoandika "saba" ulikuwa unanyonyesha, usiku, bila siku hata moja ya likizo ya uzazi.

Sasa chukua daftari. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naona saa hupotea upesi kuliko mali, kwa sababu hazina hata ganda la kuokota. Mwaka una siku 365. Toa Jumamosi na Jumapili, zinabaki 261. Toa kama 15 za sikukuu zinazoangukia katikati ya wiki. Toa 20 za mapumziko, yaani zile 28 za shuleni bila Jumamosi na Jumapili zake. Toa 10 za homa ya mtoto, msiba wa jirani na umeme uliokatika kutwa. Umebaki na siku 216. Katika kila siku, ni saa ngapi unaweza kumwandikia mtu kwenye ankara? Ondoa kujibu barua pepe, kukadiria kazi ambazo hazitakuja, kufuatilia malipo, kusoma istilahi mpya. Wanaofanya kazi kama yako kwa bidii wakipata saa tano za kuuza kwa siku wanashukuru. Tano mara 216 ni 1,080. Gawanya kwa miezi 12: ni 90.

Ni ileile 90 yako. Basi usijione mvivu. Umefika karibu na dari la saa ambazo mtu wa meza ya chakula anaweza kuuza. Kipato chako hakiwezi kukua sana kwa kuongeza usiku.

Geuza hesabu ianzie upande wa pili. Mimi naweka namba za mfano, wewe weka za kwako. Tuseme nyumba inahitaji kutoka kwako shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Kazi yenyewe, yaani bando, LUKU, makato ya benki za njiani, na akiba ya kompyuta itakayokufa siku moja bila kuaga, 250,000. Bima, uzee na miezi mikavu, 350,000. Kodi, tuweke 150,000, ingawa hiyo usinisikilize mimi, nenda kwa watu wa TRA na namba yako ya mlipakodi wakupe kiwango kinachokuhusu. Jumla 2,250,000. Gawanya kwa 90: shilingi 25,000 kwa saa. Tukifanya dola ni 2,500 ili tusiumize vichwa, ni dola 10.

Hiyo kumi ni sakafu. Chini ya hapo unakula mtaji wako, na mtaji wako ni macho na mgongo. Bei ni kitu kingine, na hukaa popote juu ya sakafu, kufuatana na unachokijua, nani anakihitaji na kwa haraka gani. Wengi huchanganya viwili hivi, hupata sakafu wakaitangaza kama bei, na mwezi ukija mbaya hawana pa kushukia.

Ile sentensi sasa. "Nikitumia saa nane naandika tano."

Saa tano kwa dola saba ni dola 35. Zigawanye kwa saa nane ulizokaa kweli. Ni dola 4 na senti kama 38. Kwa hiyo siku za kazi mbovu bei yako imekuwa ikishuka, na aliyeishusha ni wewe, usiku, bila mtu kukuomba. Unaniuliza kama ni haki kumpandishia yule mama, na kumbe umekuwa ukimpa punguzo ambalo hajui kama analo. Hawezi hata kukushukuru.

Sisemi hivi kukulaumu. Nauliza aibu hiyo inatoka wapi. Nahisi unaamini kwamba mtafsiri hodari hakwami, na saa ya kukwama ni udhaifu wako binafsi ambao mteja hapaswi kuugharamia. Lakini tazama mfano ulionipa. Mwanamke wa Kilosa anapewa vidonge na karatasi. Akisoma "madhara", anaweza kuviweka kabatini visiguswe. Akisoma "maudhi madogo madogo", neno wanalolitumia manesi wetu kliniki, atavumilia kichefuchefu cha wiki za kwanza, lakini je, ile dalili moja ya hatari iliyotajwa chini nayo ataiona ni maudhi tu? Ulikaa saa mbili kwa sababu ulimwona huyo mwanamke. Mashine ilichagua kwa sekunde moja, na kama ingetosha wasingekutumia wewe. Mimi naona saa zile mbili ndizo zilizokuwa kazi, na kurekebisha nukta na herufi kubwa ndiyo ilikuwa nyongeza.

Kuna hatari nyingine katika kuficha. Tangu mwaka jana umekuwa ukimfundisha mteja kwamba kazi ya saa nane huchukua tano. Makadirio yake, tarehe zake, hata bei anayomwambia mteja wake wa juu, vimejengwa juu ya daftari lako la uongo mtamu. Ukianza kesho kuandika nane ghafla atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Kwa hiyo hata kama hutagusa ile saba, jambo hili linahitaji maneno kabla halijahitaji namba.

Nikwambie kuhusu marehemu mama yangu. Alikuwa anashona magauni Tanga, cherehani barazani. Alikuwa na mteja mmoja, mke wa karani wa bandari, aliyewahi kumkopesha fedha za cherehani hiyohiyo. Huyo hakupandishiwa bei maishani. Mimi nikiwa msichana mjuaji nilimwambia mama anaibiwa. Akafungua daftari akanionyesha. Kila gauni la yule mama lilikuwa limeandikwa bei kamili ya siku hiyo, na chini yake neno "zawadi" na kiasi. Bei yake ilikuwa inapanda kama ya watu wote. Zawadi nayo ilikuwa inapanda. Alijua anatoa nini, kwa nani, na kila Idi alikuwa anaamua upya kama aendelee.

Siku hizi vijana wanaojitegemea hufanya hivyo kwenye ankara: bei kamili juu, punguzo chini yake, kisha jumla. Ukitaka kumlipa fadhila mratibu wako kwa njia hiyo, unaweza. Ila jiulize jambo moja. Dola zile tatu unazomwachia, zinamfikia yeye? Yule ni mwajiriwa. Aliyekulipa mapema ni yeye kwa moyo wake, akatumia nafasi aliyokuwa nayo ofisini. Anayebaki na tofauti ya bei yako ni kampuni. Huenda njia ya kumshukuru yeye kama mtu ni nyingine kabisa, kwa mfano kuwa yule mtafsiri asiyechelewesha kazi yake hata mara moja, au kumwandikia mstari mmoja kwamba mama aliyelazwa mwaka ule bado yupo. Kama yupo. Hukuniambia.

Kuhusu kijana wa kipaimara sitakaa sana. Simwiti mwongo. Lakini namba ya mezani huja peke yake, imevaa suti. Hukusikia ni saa ngapi kwa mwezi anapata kwa hiyo 19, wala kama inapitia jukwaa linalokata asilimia 10 au 20 kabla haijamfikia, wala analipwa baada ya siku ngapi. Ulimfundisha kuandika ankara, basi mwite chai akufundishe hayo. Nadhani kitakachokuuma ni kumuuliza, na kikiuma pia ni sawa.

Tuje kwenye kipimo chenyewe. Wewe umechukulia kwamba saa ndiyo kipimo pekee kwa sababu ndicho ulichoulizwa siku ya kwanza. Watafsiri wengi hutoza kwa neno, na huwa kuna mazoea kwamba mtu mmoja hutafsiri maneno 2,000 hadi 3,000 kwa siku, au hupitia kama 1,000 kwa saa akiwa anahariri. Ukienda huko, uliza mara moja: yanahesabiwa maneno ya lugha gani? Kiingereza kinatumia maneno matano kusema jambo ambalo sisi tunalimaliza kwa "sitawaambia". Ukikubali kuhesabiwa Kiswahili umejikata mwenyewe kwa kisu cha sarufi yetu. Hesabu ya Kiingereza, tena iliyojulikana kabla hujaanza, ndiyo salama.

Na hii mashine imevuruga vyote viwili. Kwa neno, ukiwa mwepesi unafaidi, lakini ikija takataka unazama nayo. Kwa saa, takataka inalipiwa, lakini ukiwa mwepesi unaadhibiwa kwa wepesi wako. Wapo wanaochanganya: kazi ya kutafsiri mwanzo hadi mwisho kwa neno, ya kusahihisha mashine kwa saa, na kiwango cha chini kwa vile vikazi vya mistari mitatu vinavyokuja saa nne usiku vikiitwa "dakika tano tu". Wengine huomba waone kurasa mbili kabla ya kukubali muda, na wakiona ni mbovu husema wazi kwamba hii ni tafsiri mpya, haisahihishiki. Hilo la kurasa mbili unaweza kulianza hata wiki hii bila kugusa bei.

Mume wako usimpuuze. Hofu yake ina namba ndani yake. Ukipanda kutoka 7 hadi 10 kwa mkupuo ni ongezeko la karibu asilimia 43, na ofisi nyingi zikiona hivyo husita. Kwa bei ya 10 unahitaji saa 63 tu kupata dola 630 zako, maana yake unaweza kupoteza saa 27 kwa mwezi na usione tofauti mfukoni; ungeona tofauti kwenye usingizi. Lakini Wauholanzi ndio saa zako 67 na kitu. Wakiondoka wote, unabaki na kama saa 22, dola 220 hivi. Hiyo ni karo na mchele vinatetemeka. Ndiyo maana wengine huanzia kwa wapya: mteja ajaye anasikia kumi, au kumi na mbili, wa zamani habanduliwi mpaka robo tatu ile imekuwa nusu. Ni njia ya polepole, na kila mwezi wa kungoja una gharama yake. Wengine hupanda ngazi, nane na nusu sasa, kumi mwakani, kwa taarifa ya miezi miwili au mitatu. Hiyo humpa mratibu nafasi ya kukutetea kwenye bajeti yao. Nayo ina kasoro: utalazimika kuwa na ujasiri mara mbili.

Ila aliposema Kiswahili kinasemwa na mamilioni, hapo ningemwomba akae kidogo. UNESCO inahesabu zaidi ya watu milioni 200. Yeye mwenyewe ni fundi umeme, anajua ni nyumba ngapi Morogoro zina mtu anayeweza kuwasha taa. Mwonyeshe daftari, zile siku 216 mara saa tano. Mwonyeshe na ile dola nne na senti 38. Nadhani hilo hujamwambia, maana hata mimi uliniambia kwa kupita. Na msikilize naye, inawezekana anachoogopa ni wewe kukesha zaidi ukitafuta wateja wapya, wala si fedha.

Barua ya kumwandikia yule mama, ukiamua kuiandika, iwe fupi. Sisi tukitaja fedha huanza na samahani kwa usumbufu, tukamalizia na hali ngumu ya maisha, na katikati karo za watoto. Huyo anahitaji kitu cha kumpelekea bosi wake, na karo za wanao hawezi kuzipeleka. Mifupa yake iwe kama hii: tumefanya kazi pamoja tangu 2021 kwa bei ileile, kuanzia tarehe fulani bei yangu itakuwa kiasi fulani, kazi zilizokwisha kukubaliwa zitabaki kwa bei ya zamani, na kwa kazi za kusahihisha mashine ningependa tukubaliane namna ya kukadiria muda, kwa sababu kwa baadhi ya faili nimekuwa nikitumia muda zaidi ya nilioandika. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na unaweza kuituma peke yake, bila ile ya bei, kama mlango wa kwanza. Akisema bajeti haina nafasi, hapo hamjagombana. Unaweza kuuliza kama kuna siku chache za malipo badala ya 45, au kazi zaidi za dawa na chache za mashine, au uendelee na saba kwa macho makavu huku unatafuta wengine. Yote hayo watu huyafanya na hulala.

Kabla ya yote, nakuomba mwezi mmoja. Kwenye daftari piga safu mbili: saa ulizokaa, na saa ulizoandika kwenye ankara. Usibadilishe chochote, andika tu. Tarehe thelathini niandikie tena namba hizo mbili, tuzitazame pamoja, mimi na wewe na huyo fundi umeme akitaka.

Na uniambie, kwenye ile karatasi ya vidonge, mwishowe uliandika neno gani?

Wako,
Mama Mshauri